Nakala ya Tatu ya Mama Célestine

Kwa miaka mingi, ni wanafunzi wachache mno wa chuo kikuu cha serikali hapa Uvira waliopata diploma bila kwanza kupita barazani kwa Mama Célestine, mtaani Kimanga. Hapo palikuwa na meza ya mbao, mashine ya kupiga chapa ya rangi ya kijivu, na mwanamke mwenye miwani aliyekaa mgongo wima kama yuko kanisani. Mtu alikuja na daftari lake la mwandiko mbaya, na baada ya siku kumi akaondoka na kazi safi ya kuhitimu, kurasa zimepewa namba, jina lake likiwa katikati ya jalada kwa herufi kubwa. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuona jina letu limepigwa chapa mahali pengine mbali na orodha ya walioanguka mtihani.

Mimi ni Aline. Nilipita barazani hapo mwaka 2012, na leo nafundisha afya ya jamii katika chuo hicho hicho. Ninayotaka kusimulia yalitokea mwaka 2023, lakini kabla ya hayo inafaa mjue Célestine alikuwa nani.

Ni Muvira, mtu wa kabila la wenyeji wa hapa, mtoto wa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Alisoma kwa masista, ambao waliwafundisha wasichana kupiga chapa wakiwa wamefunikwa mikono kwa kitambaa ili wasiangalie herufi. Mwaka 1996 alifaulu mtihani wa serikali, na mama yake akamshonea nguo mbili za kwendea Bukavu kusoma. Kabla nguo hazijavaliwa, vita vikafika. Familia ikavuka ziwa hadi Kigoma. Walirudi baada ya miaka miwili bila baba, aliyefia kambini, na Célestine akawa mkubwa wa nyumba yenye watoto wanne nyuma yake. Padri mmoja wa parokia akampa mashine mbovu iliyokuwa imetupwa stoo. Akaitengeneza kwa springi ya baiskeli, akaanza kupigia watu barua.

Chuo kilifunguliwa mwaka 2003, katika vyumba vya kuazima. Kilikuwa na idara mbili tu, kilimo na ualimu, na madawati ya shule ya msingi. Wanaume wenye ndevu walikaa humo magoti yakigusa videvu. Siku ya maandikisho Célestine alipanga mstari pamoja na wengine, amevaa moja ya zile nguo za Bukavu. Saa nne hivi mkuu wa maandikisho akatoka nje, akauliza kama kuna mtu anayejua kupiga chapa, kwani orodha ilitakiwa ipelekwe siku hiyo hiyo. Célestine akanyoosha mkono. Akakaa, akapiga majina sitini na matatu mpaka jioni.

Alinisimulia hayo mwenyewe. Nikamuuliza, “Na jina lako, mama?”

“Nilisema nitajiandika kesho,” akajibu. “Kesho yake bakaniletea ingine kazi.”

Ndivyo alivyobaki. Hakuwahi kuajiriwa na chuo, wala hakuwahi kuwa mbali nacho. Chuo kilipojengewa majengo yake, yeye alibaki barazani kwake, na kila idara mpya iliyofunguliwa aliijua kwa kazi za wanafunzi zilizofika mezani. Walipokuja watu wa sheria, akajifunza yanayowapata akina mama wanaovusha bidhaa mpakani Kavimvira. Walipokuja wa uchumi, akajua kwa nini ndagala zinapotea sokoni mwezi ukiwa mpevu. Ilipoanzishwa idara ya mambo ya ziwa, alipiga majina ya Kilatini ya samaki ambao yeye alikuwa amewaparua tangu utoto, akawa anawaambia wanafunzi, “Huyu mwenye munamuandika hapa, ni kuhe. Mbona hamusemi tu kuhe?” Wengine walicheka. Wengine waliongeza jina la kuhe kwenye mabano, na walimu wao wakafurahi.

Tulipenda kukaa pale. Baraza lilikuwa na benchi refu, na aliyekuja kuchukua kazi ya agronomia alimkuta wa sheria akingoja yake, wakaanza kubishana kuhusu mashamba na mifugo ya bonde la Ruzizi, nani ana haki na nani hana. Mwanafunzi wa ualimu alisoma kwa sauti ukurasa wake kuhusu watoto wa darasa la kwanza wanaofundishwa Kifaransa ambacho hawajawahi kukisikia nyumbani. Mashine inagonga, kengele yake inalia mwisho wa mstari, na chini kule ziwa linang'aa mpaka milima ya Burundi. Nikiulizwa chuo kikuu ni nini, mimi huwa naliona benchi lile kabla ya auditoire yoyote ya mihadhara.

Na mimi alinifundisha. Kazi yangu ya mwisho ilihusu kipindupindu katika mitaa ya kandokando ya ziwa. Nilikuwa nimeandika kwamba akina mama wa Kalundu hawachemshi maji kwa sababu ya ujinga. Siku ya tatu nilimkuta mashine imenyamaza, daftari langu limefunguliwa mbele yake.

“Weye ulienda kubauliza bale bamama?” akaniuliza.

“Niligawa fomu ya maswali, mama.”

“Fomu iliuliza kama banajua maji inatakiwa ichemke?”

“Ndiyo.”

“Na bakasema nini?”

Nikafungua jedwali langu. Themanini na tano katika kila mia walisema wanajua. Nilikuwa nimeandika namba hiyo kwa mkono wangu mwenyewe na sikuiona.

“Sasa ujinga iko wapi?” akasema taratibu. “Banajua. Habana makala ya kuwasha moto. Rudi, Aline. Ubaulize banapikaka na nini, mara ngapi kwa siku. Minye nitangoja. Hii mustari siwezi kuipiga.”

Niliondoka nimekasirika. Nilirudi Kalundu wiki mbili nzima, nikaingia majikoni, na kazi niliyoitetea baadaye ilikuwa nyingine kabisa. Jopo liliniuliza nani alikuwa msimamizi wangu. Nilimtaja profesa wangu, kama inavyotakiwa. Mpaka leo jibu hilo linanisumbua kidogo.

Baadaye kompyuta zikaja. Célestine naye akajipatia moja, ya zamani, akaendelea kwa miaka michache. Kisha wanafunzi wakaanza kuandika kazi zao kwenye simu, wamelala vitandani, na benchi likabaki na mbuzi wa jirani. Mwezi wa nne mwaka 2020 mito ilifurika, na mto Mulongwe ukaingia mjini na mawe na magogo. Nyumba nyingi zilikwenda. Watu walikwenda. Kwetu chuoni maji yaliingia maktaba yetu ya zamani yakakaa humo siku nne. Tulipofungua mlango, kazi za wanafunzi wa miaka kumi na minne zilikuwa zimeshikana pamoja kama unga uliokandwa. Tulizitoa kwa koleo.

Sasa nafika mwaka 2023. Chuo kilitimiza miaka ishirini, na katibu mkuu akanipa kazi ya kuandika kijitabu cha kukitambulisha: kilianzaje, kina idara zipi, kila idara inafundisha nini na imefanya nini kwa nchi hii. Akanipa miezi mitatu. Nilianza kwa furaha. Baada ya wiki mbili nilikuwa na orodha ya idara za sasa, mpangilio mpya wa masomo ulioletwa na serikali, picha chache, na juu ya yote hayo pengo kubwa. Idara ninaweza kuiandika kwa mistari mitano. Lakini watu waliopita humo walichunguza nini, walipata nini, hayo yote yalikuwa kwenye lile tope.

Nilikwenda kwa Célestine kutafuta kumbukumbu tu. Nilitegemea anisimulie mawili matatu. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

“Nakala ya kwanza ilikuwa ya chuo,” akasema. “Ya pili ya mwanafunzi.”

“Ndiyo, mama, nakumbuka.”

“Na ya tatu?”

Sikujua kama kulikuwa na ya tatu. Akaniingiza chumbani. Nyuma ya kitanda palikuwa na masanduku mawili ya chuma, yameinuliwa juu ya matofali kwa kuogopa mchwa. Maji ya mwaka 2020 yalipita chini yake, alama yake bado iko ukutani, upana wa vidole viwili chini ya masanduku. Alifungua la kwanza. Harufu ya kaboni ikanijia usoni, na nikarudi kuwa na miaka ishirini na mbili.

Zilikuwa karatasi nyembamba zile, herufi zake za buluu iliyofifia, zimefungwa kwa kamba kila mwaka peke yake. Mwanafunzi mmoja wa miaka ya kwanza alikuwa amepoteza kazi yake kwenye moto akaja analia, na tangu siku hiyo Célestine alikuwa akiweka karatasi ya tatu kwenye mashine bila kumwambia mtu. Tulihesabu kazi mia nne na kumi na mbili. Tulikaa sakafuni siku kadhaa, yeye akinisomea jalada, mimi nikiandika, na mara nyingi hakuhitaji kusoma. “Huyu alikuwa na mukono mubaya sana. Leo ni muamuzi kule mahakamani Fizi.” “Huyu alipima maji ya visima bya Mulongwe.” “Huyu alilia hapa pa baraza, ukurasa wa mwisho, sikumuulizaka sababu.”

Katika kifurushi cha mwaka 2006, kazi za kwanza kabisa za agronomia, tulipata kumi na moja. Mimi nilijua wahitimu kumi.

“Manirakiza Térence,” Célestine akasoma. Hakuweka karatasi hiyo chini upesi kama nyingine. “Kijana wa Luberizi. Aliandikaka na wino ya kijani. Aliniachia daftari, akasema atarudi kuchukua nyuma ya wiki mbili. Hakurudi.”

“Ukaipiga hata hivyo?”

“Nilikuwa nimeisha kuanza. Nikasema labda iko kwa mavuno, atafika. Nikamaliza. Nikangoja. Nilimkasirikia, Aline. Nilizania aliacha masomo.”

Kazi ya Térence ilihusu chumvi katika mashamba ya mpunga. Alikuwa amechagua vipande ishirini vya shamba kule Luberizi, katika bonde la Ruzizi, akapima urefu wa mpunga kwa misimu miwili, akaandika wapi mfereji unaingia na wapi maji yanasimama, na pembeni akaweka majina ambayo wazee wa kule wanaipa kila aina ya udongo. Nilimpelekea mkuu wa kitivo cha kilimo. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Alisema hakuna mtu mwingine aliyefuatilia chumvi ya bonde hilo miaka ile, na kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiwaambia wanafunzi kwamba vipimo hivyo havipo.

Nilibandika orodha ya kazi zote mia nne na kumi na mbili kwenye valve, ubao wa matangazo mbele ya utawala, nikitumaini wenyewe watajitokeza. Kesho yake asubuhi msichana mmoja alinisubiri mlangoni. Alikuwa wa mwaka wa pili wa agronomia, mrefu, ameshika simu aliyoipigia picha orodha ile.

“Madame,” akasema, “namba ya saba. Huyu ni papa wangu.”

Jina lake Irakoze, binti yake Térence. Alikuwa na miaka miwili Térence alipofariki. Malaria ilimkamata Luberizi, katika zile wiki mbili, na barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imekatika kwa mvua. Alizikwa kabla habari haijafika Uvira, na kwa kuwa wakati huo watu wa bonde walikuwa wanahamahama kwa sababu ya usalama, habari haikufika kamwe. Nyumbani kwao waliambiwa tu kwamba alisoma. Hakuna aliyejua alisoma nini. Irakoze alichagua kilimo kwa sababu ndiyo idara yenye bustani, alisema, na yeye hapendi kukaa ndani.

Nilimpeleka kwa Célestine siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimewaza maneno ya kumwambia njiani, lakini sikuyatumia. Célestine alimtazama msichana tangu alipokuwa kwenye ngazi.

“Yeye njo alikuwa na iyi mashikio,” akasema. “Ikaa, mutoto wangu.”

Msichana akamweleza kifo cha papa wake, naye akamletea nakala. Irakoze aliishika kwa mikono miwili, kwa sababu karatasi zile hupasuka kwa kugusa tu. Akasoma ukurasa wa shukrani, ambamo Térence aliwashukuru wazazi wake, walimu wake, mke wake Inamahoro, na “binti yangu ambaye bado hajui kusoma”. Hapo akaacha kusoma. Célestine alikuwa amelia kabla yake. Alikuwa anamwomba radhi marehemu kwa kumkasirikia miaka kumi na saba, na alimwomba kwa Kirundi, lugha ambayo sikujua kama anaijua.

Mkuu wa kitivo alileta jambo hilo katika kikao cha walimu. Diploma haikuwezekana, sheria haina mlango wa marehemu ambaye hakutetea kazi yake, na sitasema kwamba hawakubishana. Walichokubali ni hiki: kazi itasomwa hadharani mbele ya jopo, kama ambavyo ingekuwa wakati wake, itapewa namba na kuwekwa maktaba mpya, na vipimo vyake vitafundishwa katika somo la udongo kwa jina lake.

Siku hiyo auditoire ilijaa. Wengi walikuwa wahitimu wa zamani waliosikia kwamba Mama Mashini, ndivyo walivyomwita, ametunza kazi zao. Nilimwona yule mwamuzi wa Fizi. Nilimwona Sévère, aliyesoma uchumi miaka ile ile yangu na sasa ana duka la vipuri vya pikipiki hapa Kimanga, ameketi dawati la mbele na tai. Irakoze alisoma kurasa kumi na mbili kwa sauti ndogo. Jopo lilimuuliza maswali mawili, akajibu moja, na la pili akasema kwa uaminifu kwamba papa hakuandika na yeye bado hajafika huko. Mkuu wa kitivo akasema hilo ni jibu zuri.

Kisha akamwomba Célestine aseme neno. Alisimama, akatazama ukumbi, viti vya plastiki, feni za darini, vijana mia tatu.

“Minye sina neno,” akasema. “Minye nilikuwa napiga tu. Lakini nilikuwa nasomaka kila ukurasa. Nilitaka mujue kama kuko mutu alisoma.”

Akakaa. Watu walipiga makofi muda mrefu, na yeye alikuwa anaangalia vidole vyake.

Kijitabu kilitoka mwezi wa kumi, kurasa arobaini na nane. Kila idara ina historia yake na kazi zake, na Célestine alinionyesha makosa sita ya chapa, matatu kwenye jina la chuo. Chuo kilimpa funguo za chumba cha kazi za wanafunzi, awe anakwenda siku anazotaka. Anakwenda Jumanne. Siku nyingine, anasema, ana mambo yake.

Mavuno yalipokwisha, Irakoze alitualika nyumbani kwao. Tulipanda gari la kwenda Bukavu tukashuka Luberizi saa tatu asubuhi. Mashamba yalikuwa yamekatwa, ng'ombe wameingizwa kula mabua. Mama yake Térence, bibi Nkeshimana, alikuwa amepika wali na maharage, na baada ya chakula akaagiza wamsomee alichoandika mwanawe. Irakoze alisoma kwa Kifaransa sentensi moja moja, kisha akaigeuza Kirundi, na Célestine akasaidia alipokwama. Bibi alisikiliza amefumba macho. Mara kwa mara alitaja jina la mwenye shamba kabla halijasomwa. Alikumbuka mwaka ule, mfereji ule, ng'ombe waliokufa.

Walipofika kwenye kipande cha kumi na nne, kilichoandikwa kuwa mpunga wake ni mfupi kwa sababu ya chumvi, bibi akafumbua macho.

“Hapo hakupafika,” akasema.

“Ameandika alipima, nyokuru,” Irakoze akamwambia bibi yake.

“Hakupafika. Mwenye shamba alikuwa na mbwa mkali, na Térence aliogopa mbwa tangu mdogo. Alikaa barabarani akakadiria kwa macho. Nilimwona mimi mwenyewe, nilikuwa nimebeba maji.” Akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. “Na udongo wa pale hauna chumvi. Yule bwana alikuwa mvivu wa kupalilia.”

Célestine alicheka mpaka akashika mbavu. Irakoze naye alicheka, kisha akatoa kalamu mfukoni. Aliinamia mkeka, akamuuliza bibi jina la mwenye shamba, akauliza shamba liko upande gani wa mfereji, na kama yule mbwa alikwisha kufa. Bibi akamwambia alikufa zamani sana. Basi Irakoze akavaa viatu, akachukua rula yake na mfuko wa kutilia udongo, nasi watatu tukamwona akishuka kuelekea shambani, akikanyaga kingo za majaruba kwa uangalifu, jua limekwisha kuwa kali.